Siku ya Uhandishi

Kamati yetu ya maandalizi ilikuwa na watu saba, na mtu pekee katika ofisi tuliyokutania aliyejua kushika nyundo alikuwa mlinzi wa mlango, ambaye hakuwa mjumbe. Mimi nilikuwa katibu. Nafundisha fizikia katika sekondari moja ya Nachingwea, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote nimechora daraja ubaoni mara nyingi mno. Naweza kulichora nimefumba macho, pamoja na mishale ya nguvu inayovuta huku na kusukuma kule. Kulijenga sijawahi. Nadhani ndiyo sababu nilichaguliwa.

Wazo lililetwa na mradi mmoja kutoka Dar es Salaam. Mradi ulikuja kwa umbo la mratibu, kijana mwenye shahada ya uhandisi wa ujenzi, viatu vyeupe na kompyuta aliyoibeba kifuani kama mtoto mchanga. Alitueleza kwamba familia za vijijini zinaogopa sayansi. Dawa yake, alisema, ni kuwakusanya baba, mama na watoto kwa siku moja, wajenge kitu kwa mikono yao wenyewe, hofu iwatoke. Hakuna mjumbe aliyesema kwamba familia za huku hujenga nyumba, ghala, choo na banda la mbuzi kwa mikono yao wenyewe, tena bila kualikwa na mtu. Hata mimi sikusema. Nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao, na nilikuwa nimesikia fununu kwamba tukio likifana katibu atapelekwa semina Dodoma.

Tulikutana mara nne. Mwenyekiti wetu alikuwa ofisa elimu mstaafu, mtu wa mwili na sauti, ambaye alifungua kila kikao kwa kuwasalimia hata wasiokuwepo. Kikao cha kwanza kilijadili rangi ya fulana. Cha pili kiliendelea na rangi ya fulana, kwa kuwa wajumbe walikubaliana iwe bluu lakini wakagawanyika kati ya bluu ya anga na bluu ya sare ya shule. Cha tatu kilihusu kiti cha mgeni rasmi, na cha nne kilihusu nani atakaa karibu na kiti hicho. Uhandisi wenyewe uliingia mara zote nne, kwenye kipengele cha mengineyo, watu wakiwa wameshaanza kufunga mikoba.

Tukio lilipangwa kufanyika Mbekenyera, upande wa Ruangwa, kwenye uwanja wa shule moja ya msingi. Mwenyekiti alisema kule ndiko kwenye uhitaji. Baadaye niligundua kwamba kule ndiko kwao, na kwamba familia ya mdogo wake ilikuwa imeshajiandikisha kushindana kabla hata hatujatangaza.

Kazi ya kutengeneza bango mwenyekiti aliichukua mwenyewe. Siku moja, nikiwa katikati ya kusahihisha mitihani ya kidato cha pili, alinitumia picha ya bango kwenye simu akaniuliza kama liko sawa. Nilitazama, nikaona bluu, nikaona picha ya mtoto anayecheka, nikajibu, “Safi sana.” Bango likachapishwa, likatundikwa gulioni Mbekenyera wiki nzima kabla ya tukio, kati ya mti na mti, kwa herufi ambazo mtu aliyepita na pikipiki angeweza kuzisoma: SIKU YA UHANDISHI KWA FAMILIA. NYOTE MNAKARIBISHWA.

Herufi moja tu ilizidi. Kama neno hilo lisingefanana na lingine lolote, pengine watu wangepita wakalicheka. Lakini huku kwetu Kiswahili wengi wamekipata shuleni na sokoni, juu ya Kimwera au Kimakua cha nyumbani, na mtu akikutana na neno gumu kwenye bango hulisoma kwa kulinganisha na lile analolijua. Watu wa Mbekenyera walisoma uandikishaji. Na ulikuwa mwezi wa saba, mikorosho imeanza kutoa maua, kila mkulima anawaza salfa, dawa ya unga ya kuipulizia. Ndani ya siku mbili habari ilishafika mpaka vijiji vya jirani kwamba Jumamosi kunaandikishwa familia zitakazopewa salfa, na kwamba lazima uje na mke au mume na watoto, ili wahesabiwe.

Sisi hatukujua. Tulipita gulioni Ijumaa, mimi na mratibu, tukaona watu wanalitazama bango kwa heshima kubwa. Mratibu aliniambia, “Unaona, dada mwalimu? Mwamko upo.”

Jioni ile, bado kuna mwanga, tulifungua maboksi ya vifaa katika stoo ya shule. Mwongozo wa mradi, ambao ulikuwa na kurasa nyingi na picha za watoto wenye miwani ya kinga, ulitaka familia zijenge daraja kwa tambi ndefu kavu, zikiunganishwa kwa peremende laini zile zinazobonyea kama sifongo. Tambi zilikuwa zimesafirishwa kutoka Dar mpaka Nachingwea, zikahamishiwa Ruangwa, kisha zikapanda bodaboda mpaka Mbekenyera. Ndefu haikubaki hata moja. Peremende zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, zikawa kitu kimoja kikubwa cheupe, kama mto wa kulalia.

Mama anayepikia watoto uji pale shuleni alikuja kutazama. Aliuliza tunataka amsaidie nani kuzipika. Mratibu akamjibu kwa upole kwamba si za kula, ni za kujengea. Yule mama alichukua kipande cha tambi, akakivunja kwa vidole viwili, akakitazama, akauliza, “Nyumba ya nani?”

Nilipendekeza mianzi. Bondeni ilikuwepo tele, na kamba za magome zinapatikana kwa yeyote aendaye kuni. Mratibu alisita. Alisema mwongozo unasisitiza vifaa vya viwango sawa, na akapanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya vyoo, mahali pekee simu yake iliposhika mtandao, akapiga Dar kuomba ruhusa. Alisimama juu ya kichuguu kile kwa muda mrefu, akieleza mwanzi ni nini. Hatimaye akashuka akasema wamekubali, ilimradi tuandike kwenye ripoti kwamba ni nyenzo mbadala rafiki kwa mazingira. Nikaandika.

Jumamosi saa mbili asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Sijawahi kuona watu wengi vile wakijitokeza kwa ajili ya fizikia, na nakiri nilijisikia vizuri. Nilitembea mbele yao na fulana yangu ya bluu ya anga nikiwa najiona mtu. Akina baba, ambao hawaji hata kwenye mkutano wa wazazi, walikuwa wamekaa na wake zao na watoto waliooshwa uso. Wengi walishika vitambulisho mkononi. Hilo lilinishangaza kidogo, lakini si kiasi cha kuuliza.

Mwenyekiti alipopanda jukwaani akatangaza kwamba leo familia zitajenga madaraja madogo ya mianzi na yatashindanishwa, watu waligeuka kutafuta meza ya kuandikishia. Kisha mzee mmoja aliyekaa mbele akauliza kwa adabu kwamba hayo ya madaraja wameyasikia, je, daftari la salfa liko meza gani? Ilituchukua karibu nusu saa kuelewana. Mwenyekiti alieleza maana ya uhandisi, akazidi kuchanganya mambo, akasema bila uhandisi hata hiyo salfa isingekuwepo, na wengine wakachukua kauli hiyo kama ahadi. Walipoelewa kabisa, nusu ya uwanja waliinuka. Waliondoka bila matusi, na hilo liliuma zaidi. Mwanamke mmoja aliyepita karibu yangu alimwambia mwenzake kwamba ndivyo walivyo watu wenye fulana.

Walibaki wale ambao watoto wao walikataa kuondoka, na wale waliotembea kutoka mbali wakaona heri wapumzike kwanza. Tuliwagawa katika makundi. Mwongozo ulitaka kila kundi liwe na familia mbili zisizojuana, na upangaji ufanyike kwa kura. Kila familia iliokota karatasi yenye namba kwenye kofia ya mratibu. Nikawa nasoma namba, watu wanakwenda kwenye madawati yao, mpaka nilipofika namba tano.

Namba tano waliokota watu wawili ambao walijuana vizuri kupita kiasi. Wa kwanza alikuwa mama mkulima, mke wa katekista wa kigango cha pale, mwanamke mfupi mwenye macho makali, aliyekuja na binti yake wa darasa la tano. Wa pili alikuwa mama mfugaji, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa, mrefu, mkimya, naye na binti wa darasa hilohilo. Mumewe alisimama nyuma yake na fimbo mabegani, mikono ikining'inia juu ya fimbo. Kijiji kizima kilijua kwamba mwezi wa tatu ng'ombe wa huyu waliingia kwenye ufuta wa yule, na kwamba kesi ilikuwa bado iko ofisi ya kijiji. Sisi wa kamati tu ndio hatukujua, kwa kuwa tulikuwa Nachingwea tukichagua bluu.

Mama mkulima hakwenda kwenye dawati. Alinijia mimi.

“Mwalimu, ng'ombe wa huyu dada walikula ufuta wangu wote mpaka mizizi. Leo nimshikie mwanzi?”

Nilimwambia kwamba ni kura tu, na kwamba mchezo huu ni wa kujenga ushirikiano. Neno ushirikiano nililitoa kwenye mwongozo. Alinitazama kama mtu anayetazama kuku anayejaribu kuogelea. Nadhani angeondoka, lakini alipogeuka kumtafuta binti yake, akamkuta ameshakaa chini na binti wa mama mfugaji, wamenyoosha mianzi mitatu mapajani, wanabishana upi umenyooka. Kumbe darasani wanakaa dawati moja. Mama alisimama pale akiwatazama, akashusha pumzi, akakaa upande wa pili wa dawati, mgongo wake ukimwelekea mama mfugaji.

Masharti yalikuwa rahisi. Daraja livuke kutoka dawati moja mpaka lingine, nafasi ya hatua moja ndefu, na libebe matofali ya kuchoma yatakayowekwa moja moja. Mianzi, kamba za magome, mabua ya mtama, basi. Kila kundi lilipewa pia karatasi kubwa ya kuchora mpango wake kabla ya kuanza. Kundi la mdogo wake mwenyekiti lilianza na karatasi. Huyu alikuwa karani mjini Ruangwa, familia yake yote imevaa viatu, na binti yake mkubwa anasoma shule ya bweni, kwa hiyo familia waliyopangiwa nayo iliwaachia kazi. Walichora daraja zuri sana, lenye taa za barabarani.

Kundi namba tano karatasi yao waliikalia, kwa kuwa nyasi zilikuwa na umande.

Kwa muda akina mama wale wawili walifanya kazi kupitia watoto. Mama mkulima alimwambia binti yake amwambie mwenzake amwambie mama yake akaze pale. Mama mfugaji alikuwa anasikia, yuko umbali wa mkono, lakini alingoja ujumbe ufike kwa njia hiyo ndefu ndipo akakaza. Nilisogea kutazama, na hapo ndipo niliposahau kwamba mimi ni katibu. Yule mama mfugaji alifunga kamba kwa fundo ambalo sijawahi kuliona. Alizungusha mara mbili, akapitisha ncha chini ya mzunguko, akavuta, na kadiri unavyolivuta ndivyo linavyozidi kung'ata. Nilimuuliza amejifunzia wapi. Alijibu kwa ufupi kwamba walipohama walifunga nyumba yote juu ya mkokoteni wa ng'ombe, njia ina mashimo, na ukifunga vibaya sufuria zinabaki nyuma.

Mama mkulima alisikia jibu hilo. Akageuka nusu. Akaligusa lile fundo, akalivuta mara mbili. Kisha akaanza kukata mianzi mifupi na kuiweka mshazari, mmoja ukielekea huku na mwingine kule, kuanzia mwanzo wa daraja mpaka mwisho. Nilimuuliza naye. Akasema amezaliwa Kilimarondo, na utoto wake ameulala juu ya dungu, kile kibanda cha kwenye nguzo, kulinda shamba la baba yake lisiliwe na nguruwe pori na tembo. Dungu likiwa na miguu iliyonyooka tu, tembo akijikuna linakwenda. Ukiweka za mshazari, anajikuna anaondoka.

Hayo ndiyo ninayoyafundisha kidato cha tatu kwa vipindi viwili na maswali ya nyumbani, na nusu ya darasa hawayapati. Nilisimama pale na kalamu yangu.

“Hii ya kwako ifungwe hapa,” mama mfugaji alisema, kwa mara ya kwanza moja kwa moja.

“Ifunge, basi. Lakini usidhani nimesahau.”

“Sijadhani.”

Saa nne madaraja yote yalikuwa tayari, lakini hatukuweza kuyapima, kwa kuwa tofali la kwanza lilitakiwa kuwekwa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi hakuwa amefika. Cheo chake sitakitaja. Alikuwa amealikwa saa tatu. Saa tano alituma habari kwamba yuko njiani. Saa sita alituma habari hiyohiyo. Watoto walilala. Mbuzi wa jirani aliingia kwenye mstari wa madawati akala daraja la kundi namba mbili, lililokuwa la mabua matupu, na kundi namba mbili likatangazwa limejitoa. Mwenyekiti aliutumia muda huo kuimba, kisha kuhutubia, kisha kuimba tena. Mratibu alikaa karibu yangu kivulini mwa darasa, viatu vyake vimekuwa rangi ya udongo, akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema tangu amalize chuo hajawahi kusimamia ujenzi wa kitu chochote. Hii ni kazi yake ya tatu ya kuratibu. Alimtazama mama wa Kilimarondo na ile mianzi yake ya mshazari, akasema lile daraja lao angelipigia hesabu kwa siku mbili na bado angekuwa na wasiwasi.

Mgeni rasmi alifika saa nane. Alisoma hotuba niliyomwandikia mimi, akaisifu kana kwamba anaisikia kwa mara ya kwanza, na kweli alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Kisha akapelekwa kwenye daraja la familia ya karani, ambalo mwenyekiti alikuwa ameliweka mbele kabisa, akakabidhiwa tofali lililofungwa utepe. Akaliweka. Daraja halikupinda wala kulia. Lilikwenda chini lote kwa pamoja, na tofali likaangukia kiatu cha mgeni rasmi.

Mwenyekiti alichukua kipaza sauti akasema kwamba kundi hili limetufundisha somo kubwa la leo, kwamba kushindwa ni sehemu ya ugunduzi. Hilo nalo lilikuwa kwenye mwongozo. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa kiatu hakikuwa chao.

Kundi namba tano walikuwa wa mwisho. Mgeni rasmi alikuwa ameshakaa akifuta kiatu, kwa hiyo matofali niliyaweka mimi. Niliweka moja, mawili, mpaka yakaisha yote yaliyokuwepo. Mwanzi ulitoa sauti ndogo ya kukaza fundo, basi. Binti wa mama mkulima akauliza kama wanaweza kupanda. Kabla sijajibu wale wasichana wawili walishayaondoa matofali, wakapanda wote, wakasimama katikati wameshikana mabega. Daraja likashuka kidogo likatulia. Yule baba mfugaji alishusha fimbo yake mabegani, na hicho ndicho kitendo pekee nilichomwona akikifanya siku ile.

Nikiishia hapo ingekuwa habari nzuri, na kuna watu niliowasimulia nikaishia hapo. Lakini kulikuwa na fomu.

Fomu ya alama ililetwa pamoja na maboksi. Ilikuwa na sehemu nne: mchoro, maelezo mbele ya hadhira, unadhifu na uimara. Alama nyingi zilikuwa kwenye mchoro na maelezo. Uimara ulikuwa chini kabisa, na alama zake zilikuwa chache kuliko zote. Kundi namba tano hawakuwa na mchoro, walikuwa na karatasi yenye umande. Kwenye maelezo, mama mkulima alisema, “Tumefunga, limekaza,” na mama mfugaji akakubali kwa kichwa. Binti wa karani alieleza kwa dakika kumi daraja ambalo halikuwepo tena, kwa Kiswahili kilichonyooka na maneno ya Kiingereza pale panapostahili, akionyesha zile taa za barabarani.

Nilijumlisha. Nikajumlisha tena. Nilimwonyesha mratibu, na yeye akatazama chini. Aliniambia fomu ndiyo itakayosomwa Dar, daraja hakuna atakayeliona. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi yake ikinigusa shingoni, akinikumbusha kwamba mgeni rasmi ana haraka. Nilikuwa na kalamu. Ningeweza kuandika kitu kingine, au kukataa kusaini, au angalau kusema kwa sauti ambayo mtu angeisikia. Niliwaza Dodoma. Nikasaini.

Familia ya karani ilipewa taa ya sola yenye balbu tatu na paneli. Kundi namba tano walipewa cheti cha ushiriki, kimoja, na wakaambiwa watatoa nakala. Mama mkulima alikitazama akanikabidhi mimi nimshikie, kama mtu anayekushikisha ganda la ndizi. Mama mfugaji alianza kufungua yale mafundo yake moja baada ya jingine na kukunja kamba, maana kamba nzuri haitupwi.

Semina ya Dodoma alikwenda mwenyekiti. Mimi nilitumiwa kalenda ya mradi. Mwezi wa saba ulikuwa na picha ya wasichana wawili wamesimama juu ya daraja la mianzi, na chini yake imeandikwa: washindi wetu wakifurahia ushindi.

Nilipoiona picha ile sikuweza kukaa nayo. Nilikuwa na taa ya sola nyumbani, nzuri, ambayo tulikuwa hatuitumii tangu tuvutiwe umeme. Jumamosi moja niliifunga kwenye kanga, nikaenda Mbekenyera. Mama mkulima alikuwa uani anapepeta. Nilimsalimia, nikaifungua kanga, nikaeleza kwa maneno mengi, kuhusu fomu, kuhusu utaratibu, kuhusu jinsi uamuzi ulivyokuwa wa pamoja. Aliendelea kupepeta mpaka nikaishiwa.

“Taa ni moja,” alisema. “Sisi ni nyumba mbili. Mwalimu, ni wewe uliyekuwa unajumlisha?”

Nilikiri kwamba ni mimi. Safari nzima kutoka Nachingwea sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba nyumba ni mbili.

Aliicheka kidogo ile taa, si mimi, au nilijipa moyo kwamba si mimi. Kisha akamwita binti yake akamwambia aipeleke kwa wafugaji, kwa kuwa wao wapo nje kule karibu na bonde, fisi wanawasumbua zizini, na hapa kwake kuna kibatari na mume anayejua kusali gizani. Nilimwambia kwamba amefanya jambo kubwa, kusamehe si rahisi. Akaacha kupepeta.

“Nani amesamehe? Kesi ya ufuta iko palepale. Taa ni taa.”

Na kwa kuwa nimekuja, akaendelea, na kwa kuwa naonekana napenda kuandika, basi nikae nimwandikie barua ya ofisi ya kijiji, maana ile ya kwanza ilirudishwa kwamba haikukaa vizuri. Alinipa kigoda. Niliandika kwa uangalifu kuliko nilivyoandika ile hotuba: shamba liko wapi, ng'ombe wameingia lini, nani aliwaona. Alinisimamisha mara kadhaa nifute maneno niliyoongeza ya kupendeza. Akasema hayo ya kupendeza ndiyo yaliyoirudisha ya kwanza.

Nilipokuwa namalizia, mama mfugaji alitokea kwenye njia, binti yake nyuma, amekuja kushukuru kwa taa. Alinipa mkono kwa mikono miwili. Aliiona karatasi magotini kwangu akauliza ni nini, na mama mkulima akamwambia wazi kwamba ni barua ya kumshtaki. Yule mama hakubadilika uso. Aliuliza kama nikimaliza ile nitakuwa na nafasi ya kuwaandikia na wao ya kujibu, kwa sababu mumewe hajui kuandika na mwenyekiti wa kijiji hapokei maneno ya mdomo.

Mama mkulima akasogea pembeni akamwachia nafasi kwenye mkeka, akarudi kwenye ungo wake. Nikafungua ukurasa mwingine. Huyu naye alinisimamisha mara kadhaa. Jua lilipoanza kushuka nilikuwa nimeandika barua zote mbili, na kila mmoja alisikiliza ya mwenzake ikisomwa mpaka mwisho, bila kukatiza. Mama mkulima alisahihisha idadi ya ng'ombe katika barua ya mwenzake, akasema walikuwa kumi na wanne, si kumi, na mwenzake akafikiri kidogo akasema ni kweli, andika kumi na wanne.